Barua ya wazi kwa Mheshimiwa: wazee wa Keya wanakwisha, ahadi iko wapi?

Mheshimiwa,

Nakuandikia kwa heshima zote, ila subira imenishinda. Ijumaa iliyopita, hapa Tanga, tumemzika babu yangu, askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza) aliyepigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia. Wewe mwenyewe uliahidi mbele ya umati, Ngamiani, kwamba utamleta mtu wa kumrekodi kabla ya masika. Masika yamepita. Hakuja mtu, wala simu haikupigwa.

Unajua tumezika nini? Mwaka 1944 babu alikuwa bonde la Kabaw na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Vitani ndiko alikomwona Mwingereza akiogopa na kufa kama mtu mwingine yeyote. Singapore, ngome ya Waingereza, ilikwisha kuanguka mikononi mwa Wajapani Februari 1942. Uingereza ilishinda vita ikabaki na madeni: mwaka 1946 ikakopa Marekani dola bilioni 3.75, na 1947 India ikaiponyoka. Wanafunzi wangu hawayajui haya. Wanaandika kwenye mtihani kuwa uhuru ulikuja kwa mazungumzo tu, kana kwamba mkoloni aliamka siku moja na huruma.

Wala uchovu wa Mwingereza peke yake usingetutoa mikononi mwake. Alisukumwa! Makuli wa bandari yetu waligoma mwaka 1939, TANU ikiwa haijazaliwa. Mwalimu Nyerere aliposimama Umoja wa Mataifa mwaka 1955, nyuma yake walikuwepo watu kama bibi yangu wa Makorora, aliyepita kambi za mkonge akiuza kadi za TANU, huku manamba, vibarua wa mashamba hayo, wakizificha wasifukuzwe kazi.

Nahisi ofisini kwako mnaona historia ya uhuru ni ya Dar es Salaam, na sisi huku tulipelekewa tu. Kama sivyo, nieleze kwa nini barua zangu hazijibiwi.

Nimejaribu kumrekodi babu kwa simu yangu. Sauti imo, lakini simu ya mwalimu si hifadhi ya taifa. Ikiibiwa kesho, basi tena.

Bibi bado yupo. Ana miaka tisini na ushee, na majina ya wenzake anayataja mmoja mmoja bila kubabaika. Sikuombi mnara wala makumbusho. Mlete mtu mmoja mwenye kinasa sauti, aje Makorora. Aje wiki hii, Mheshimiwa. Si baada ya bajeti, si baada ya uchaguzi. Wiki hii.

Mimi, mwalimu wa historia, Tanga