Unga wa bei nafuu msiudharau

Mhariri, nasikia watu wanaucheka unga wa ngano wenye nembo ya supamaketi eti ni wa waliofulia, mimi naupikia kila wiki hapa Mombasa na mahamri yanafura vizuri tu, keki nayo inatoka laini manake keki haitaki protini nyingi, asilimia 8 mpaka 10 yatosha kabisa. Shida iko kwa mkate. Huo unataka kama 12 hivi, juzi donge lilininata vidoleni kama gundi na mkate ukatoka bapa utadhani chapati. Someni kiasi cha protini nyuma ya pakiti, pale kwa gramu 100. Na chekecheni jamani, wadudu nimewakuta hata kwa ule wa bei ghali.

Mama Mapishi, Mombasa