Pedali za sumaku zina faida, ila si kliti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na waendesha baiskeli wa Dodoma wanaoshawishiwa kuacha pedali za kliti wanunue za sumaku. Wauzaji wanadai ni kitu kile kile, tofauti ni kwamba huanguki. Si kweli.

Kliti ni kipande kinachofungwa chini ya kiatu, na pedali hukibana kwa springi. Hata ukivuta vipi haikuachii mpaka uzungushe kisigino nje, na hapo ndipo mgeni anapoumia: kafika kwenye kipilefti, bodaboda imemkatia mbele, mguu bado umenaswa. Sumaku haifungi, inashika tu bamba la chuma lililo chini ya kiatu. Nguvu yake hupimwa kwa nyutoni: 100 ni kama kilo 10 za kuvuta wima, 200 ni kama kilo 20. Anayepanda mlima huku akinyanyua pedali kwa nguvu atapita kiasi hicho na mguu utachomoka, kwa hiyo wa mashindano abaki na kliti yake. Anayetoka Nkuhungu kwenda kazini mjini, kila hatua anasimama, huyo sumaku inamfaa. Akitaka kutoka asinyanyue mguu wima. Alaze kiatu upande, bamba litabanduka kuanzia ukingoni bila shida.

Adui mkubwa ni mchanga wenye punje za chuma. Funga sumaku ndani ya mfuko wa plastiki uiburuze kwenye mchanga wa korongo. Ukiona punje nyeusi zimesimama kama manyoya, ndizo hizo. Zikijikusanya kwenye pedali, bamba haligusi tena sumaku, na hapo ujue nguvu hushuka haraka mno: mwanya wa milimita moja tu unatosha kuharibu mambo. Kufuta kwa kitambaa kunazisogeza tu kutoka kona hii kwenda ile, na upepo wa kompresa hauzing'oi zote. Bandika selotepu uivute, au gandamiza donge la unga wa ngano uliokandwa. Kiangazi, kwa anayepita njia za vumbi, hiyo ni kazi ya kila jioni.

Mwanya mwingine hutoka kwenye kiatu chenyewe. Bamba hufungwa kwa boliti mbili za M5 kwenye viatu vyenye matundu ya SPD, yaani mfumo wa kliti za boliti mbili. Viatu vya barabarani vya matundu matatu havikubali. Meno ya soli yakiwa marefu kuliko bamba, kiatu kitakalia meno na sumaku itabaki hewani. Weka kipande cha kuinulia kati ya soli na bamba, au punguza meno kwa kisu kikali. Kaza nyutoni-mita 5 hadi 6, na ukaze tena baada ya safari ya kwanza.

Bamba likipotea, msikimbilie kuchonga jingine kwa chuma cha pua cha masufuria. Aina nyingi za chuma hicho hazishikwi na sumaku, na mtu atalaumu pedali bure. Tumieni chuma cha kawaida, kisiwe chembamba kama bati, mkikubali kwamba kitashika kutu.

Kufunga pedali ni kama kawaida: meno ya skrubu ya inchi 9/16, spana ya milimita 15 au alenki, grisi kidogo, ya kushoto ikikazwa kinyume na saa. Baiskeli zenye mikono ya pedali ya kipande kimoja hutumia nusu inchi; usilazimishe.

Jua letu haliui sumaku hizi, maana aina ya kawaida huanza kudhoofika kwenye nyuzi joto 80 hivi. Ila fundi akichoma pedali iliyogoma kwa moto wa gesi, ameimaliza. Tumieni mafuta ya kupenya na spana ndefu. Na mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo asizibebe kifuani wala asilale karibu nazo. Sentimita 15 ndiyo umbali wa chini.

Kwa wenye maduka: andikeni nyutoni kwenye bei, mseme kama bamba na boliti zimo ndani ya boksi, na mruhusu mteja ajaribu kwa kiatu chake mwenyewe kabla hajalipa.

Fundi baiskeli,
Dodoma