Bia chungu haipimwi kwa ukali peke yake

Mhariri, habari za kazi. Mimi naishi California, nawasoma kwenye simu kila siku kabla sijaingia kazini, na ile makala yenu ya bia za krafti nimeisoma yote mpaka mwisho kwa sababu ni jambo nalipenda kutoka moyoni. Ila mwandishi wenu kaonja IPA ya dabo, yaani ile bia chungu ya aina ya India Pale Ale iliyozidishwa nguvu, na alichotuambia ni viwili tu, kwamba ni chungu na kwamba ni kali, asilimia nane ya kilevi, basi, akaisifia kwa huo ukali. Hapo ndo naomba nafasi niseme kitu, maana wasomaji wataingia baa kesho wataulizia bia yenye namba kubwa wakidhani namba ndo ubora.

Tuanze na uchungu. Unatoka kwenye hopsi, haya ni maua ya mmea unaopanda juu kwenye kamba, huku Marekani mengi yanalimwa bonde la Yakima jimbo la Washington, na muda gani yanaingia kwenye sufuria ndo unaamua karibu kila kitu. Yakichemka saa nzima au zaidi yanatoa uchungu lakini harufu nyingi inapaa na mvuke, yakitiwa mwishoni moto unapozimwa harufu inabaki, alafu kuna mengine yanatiwa kwenye tangi baada ya bia kuchacha, hayachemshwi kabisa, na hayo ndo yanakupa ule mnuko unaokupiga puani ukifungua tu chupa. Kwaio mtu akisema "chungu" bado hajasema kitu, ni uchungu gani, unakuja saa ngapi, unaondoka vizuri au unang'ang'ania kooni? Na wala hili sio jambo geni kwetu, mbege, ile pombe ya ndizi ya Uchagani, ina gome la mti wa msesewe na kazi yake ni hiyo hiyo, kutia uchungu kwenye ndizi na ulezi, na mama anayepika mbege anajua akizidisha gome wateja hawarudi.

IPA yenyewe ni bia ya Waingereza wa zamani, ilisafirishwa kwenda India kwa meli, lakini hii ya dabo ni ya huku. Mwaka 1994 Vinnie Cilurzo alifungua kiwanda kidogo kinaitwa Blind Pig pale Temecula, kusini mwa California, na mwenyewe ameshaeleza kwamba vyombo vyake vilikuwa vya kizamani, akataka bia ya kwanza iwe nzito ya kutosha kufunika ladha mbaya kama ikitokea, basi akaongeza hopsi mara mbili na kimea kidogo juu yake. Saivi yeye na mkewe Natalie wana Russian River pale Santa Rosa na bia yao Pliny the Elder, asilimia 8, ndo wapenzi wengi wa aina hii wanaitumia kama kipimo (jina ni la yule msomi wa Kirumi aliyekufa mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka). Sasa angalia hiyo historia vizuri. Hopsi nyingi zinaweza kuficha bia mbovu. Ndo maana anayeonja lazima achungulie chini ya hopsi, aulize kama hizi zikitolewa kimebaki nini, kuna kimea safi au kuna utamu wa kukwama mdomoni na kilevi kinachochoma.

Mimi naifanya hivi. Naitoa kwenye friji naiacha kidogo maana ikiwa barafu haina harufu yoyote, na hili najua litawakera wengi nyumbani tuliozoea kuagiza bia baridi mpaka chupa itoe jasho, lakini ubaridi ule unaua kile ulicholipia. Namimina kwenye glasi ndogo, sijazi, naacha nafasi ya pua. Nanusa kwanza kabla ya kuangalia rangi sababu harufu ya kwanza inakimbia. Kwenye Pliny iliyo freshi napata maganda ya balungi, utomvu wa msonobari, maua kwa mbali. Alafu naangalia, inatakiwa iwe ya dhahabu, angavu, povu jeupe linaloshika kwenye kuta za glasi. Nikinywa naiacha ipite ulimi mzima nameza, kisha nakaa kimya nasubiri, na hapa kwenye kusubiri ndo penye mambo, maana IPA ya dabo nzuri uchungu wake ni mkubwa lakini msafi, unakuja umesimama, unakauka, mdomo unabaki unataka tena. Ile mbaya inakuachia ukakasi, ulimi unakwaruza, ama inakuachia utamu wa sukari guru. Cilurzo anatia sukari kidogo wakati wa kupika, na mtu anaweza kudhani itakuwa tamu lakini ni kinyume, hamira inaila yote inageuka kilevi, bia inabaki nyepesi mdomoni. Ndo maana asilimia 8 ile huisikii. Ukinywa bia ya asilimia 8 ukasikia spiriti kooni ujue mpishi kakosea, sio sifa hiyo jamani.

Majaji wa BJCP, ile programu ya Marekani ya kupima na kuthibitisha waamuzi wa bia, wana fomu ya alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, uzito wa mdomoni 5, na 10 za bia kwa ujumla. Hamna sehemu ya kutoa alama kwa ukali. Asilimia ipo kwenye maelezo ya aina tu, IPA ya dabo inatakiwa iwe kati ya 7.5 na 10. Na aina yenyewe uijue kabla hujahukumu, kwa mfano Heady Topper ya The Alchemist kule Vermont nayo ni asilimia 8 lakini ni ya ukungu, huoni upande wa pili wa glasi, na hilo kwake sio kosa kabisa, ila Pliny ikija na ukungu hivyo mimi nitaanza kuuliza maswali.

Sasa nije kwenye kinachoniuma zaidi, upya wa bia. Harufu ya hopsi haikai. Ikikaa kwenye joto wiki kadhaa tu inaanza kufa, ikifika miezi kadhaa unakunywa kitu kingine kabisa, uchungu upo lakini yale mabalungi yamekwenda, badala yake unanusa maboksi yaliyoloa na utamu wa kuchosha. Mwanga nao ni adui, ukiipiga bia yenye hopsi inatoa harufu mbaya ya yule mnyama kicheche, ndo maana chupa za kahawia zinasaidia kuliko za kijani au nyeupe, na kopo linasaidia zaidi. Watu wa Russian River wanaandika tarehe ya kujaza kwenye chupa alafu lebo yenyewe imejaa maneno ya kukuomba uiweke kwenye baridi na uinywe mapema usiitunze. Nikienda likizo nyumbani nakutana na IPA ya kuagizwa kutoka nje imepangwa dirishani, jua la mchana linaipiga, tarehe imefutika au hamna kabisa, bei yake ukiinywa unaumia mfukoni, mtu anaonja anakunja uso anasema hizi bia za wazungu hazinyweki. Anaonewa yule mteja! Na bia inaonewa. Hajawahi kuionja bia hiyo, kaonja maiti yake, na huwezi kumlaumu akirudi kwenye bia yake ya Safari ambayo inatoka kiwandani inauzwa haraka na inafika mezani ikiwa nzima.

Kuhusu kiasi nako mwandishi alipita haraka mno. Safari ya nusu lita ni asilimia 5.5, ndani kuna kama mililita 27 na nusu za kilevi chenyewe. Chupa ya Pliny ni mililita 510 kwa asilimia 8, hapo ni karibu 41. Yaani chupa moja ni kama Safari moja na nusu, na kwa sababu imepikwa vizuri huisikii, kwaio anayeagiza nne kama alivyozoea amekunywa sita na bado ana gari nje. Baa zinazojua kazi yake zinaiuza kwa glasi ndogo na hazioni aibu, nami nyumbani nagawana chupa na mwenzangu. Kwa kuonja kwa makini glasi mbili tatu ndogo zinatosha, ulimi ukishachoka na uchungu hauamui tena kitu, na usile pilipili kabla, kilevi na uchungu vinaongeza ule moto, utailaumu bia bure. Maji na mkate mkavu vinatosha.

Kwaio ombi langu kwenu Mhariri ni dogo. Mkiandika tena kuhusu bia hizi tuambieni chupa ilijazwa lini, ilikaa wapi kabla ya kufika mezani, ilimiminwa kwenye nini, ilinukaje, na ilimalizikaje kooni. Na wenye baa wanaosoma hapa, hizi chupa zitoeni dirishani ziingizeni kwenye friji, agizeni kidogo kidogo, na mteja akiuliza tarehe mgeuzieni chupa aione mwenyewe kabla hamjafungua.

Msomaji wenu,
California, Marekani