Barua ya wazi kwa Mheshimiwa David Eby: bomba la gesi la kaskazini lipimwe upya

Mheshimiwa Kiongozi wa Serikali ya British Columbia,

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, mkazi wa mji wa Terrace, kaskazini magharibi mwa jimbo hili la Kanada. Naandika kwa Kiswahili ili wenzangu wa lugha hii walioko jimboni nao walijue jambo hili, maana kura zetu ni zako pia.

Majira ya samaki, bibi mmoja wa Wagitxsan, wenyeji wa asili wa huku, alinikaribisha kwenye kibanda chake cha kukaushia samaki kwa moshi katika mji wa Hazelton. Samoni walikuwa wamepasuliwa, minofu myekundu imeanikwa kwenye fito mpaka darini. Nikakumbuka ng'onda wa kwetu. Bibi akanionyesha fito moja moja: huu wa mwanangu aliyeko Vancouver, huu wa mjukuu, ule wa jirani aliyefiwa.

Bomba la Prince Rupert, lenye urefu wa karibu kilomita 800, litavuka mito ya bonde la mto Skeena wanakopanda samaki hao. Kibali chake cha mazingira ni cha mwaka 2014, lilipokuwa mali ya kampuni nyingine na likilenga kiwanda cha gesi kilichopangwa kwenye kisiwa cha Lelu, mradi uliofutwa mwaka 2017. Mwenye mali amebadilika, na mwisho wa njia umehamishwa. Hata hivyo, Juni 2025 serikali yako iliamua kwamba ujenzi umeshaanza vya kutosha, kibali kikabaki. Juu ya hapo mna mradi wa laini ya umeme ya dola bilioni 6 ambayo viwanda vya gesi vinaisubiri.

Nawaheshimu Wanisga'a, taifa jingine la wenyeji wa asili. Ni wabia katika bomba hili, na riziki ni haki yao. Lakini hawawezi kukubali kwa niaba ya majirani zao Wagitanyow, ambao machifu wao walifunga barabara kupinga bomba hili Agosti 2024, wala kwa niaba ya Wagitxsan. Hawa ndio waliokwenda Mahakama ya Juu ya Kanada pamoja na Wawet'suwet'en, taifa jirani, na mwaka 1997 mahakama ikasema simulizi za wazee ni ushahidi wa ardhi. Tuliona polisi wakiingia kwa Wawet'suwet'en mwaka 2019, 2020 na 2021 kwa ajili ya bomba jingine. Inatosha.

Naomba tathmini mpya ya njia nzima, na uketi na machifu katika kumbi zao kabla mti mwingine haujakatwa. Bibi yule amepita miaka 80. Anza kwake, kibandani, fito zikiwa zimejaa.

Wako,
Mkazi wa Terrace