Kipigo kisiitwe msalaba

Mhariri naomba kanafasi kidogo. Kanisani kwetu dada akienda kwa wazee jicho limevimba, kajifunika kitenge mpaka usoni, anaambiwa vumilia mwanangu huo ndo msalaba wako, halafu anasomewa Malaki 2:16 kwamba Mungu anachukia kuachana, lakini mstari huohuo unamkataa pia anayefunika nguo yake kwa udhalimu, yaani mume mkatili, mbona hapo hawafiki? Mi nina miaka 19 kwenye ndoa, tumelala njaa, tumeuguzana, sikuondoka na nisingeondoka. Ila kupigwa hapana. Hata Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake. Wachungaji wetu, waambieni wachumba hilo kabla hawajavishana pete.

Mama wa watatu, Dodoma