YAH: MALALAMIKO KUHUSU JEDWALI LENU LA KUBADILI BOLITI ZA INCHI KUWA ZA MILIMITA

Kwa Meneja Mauzo,

Mimi ni fundi wa matrekta hapa Morogoro. Mwezi uliopita nilinunua dukani kwenu boliti 60 za M8, yaani za milimita zenye unene wa 8, kwa kufuata jedwali mlilobandika ukutani na mnalowagawia wateja. Jedwali linasema 5/16 ya inchi ni sawa na M8. Si sawa, na limeniharibia injini ya mteja.

Trekta lenyewe ni Massey Ferguson 135, la Kiingereza, lenye boliti za inchi. Boliti za mfuniko mmoja wa injini zilikuwa zimeliwa na kutu, nikampa kijana wangu hizo za kwenu. Kwa mkono ziliingia mizunguko miwili vizuri kabisa, kisha zikagoma. Akadhani ni uchafu, akachukua spana namba 13 akavuta. Matundu matatu ya bloku, yaani mwili wa injini, yakang'oka meno.

Nilipowapigia simu, muuzaji wenu alisema tumekaza kupita kiasi. Boliti iliyogoma kwenye mzunguko wa tatu, kabla kichwa hakijagusa mfuniko, imekazwa saa ngapi?

Sikatai hesabu yenu ya unene. Inchi ni milimita 25.4, kwa hiyo 5/16 ni milimita 7.94, pungufu kidogo tu ya 8. Lakini boliti haishikwi na unene peke yake, inashikwa na meno. Tundu lile lina meno 18 kwa inchi, yaani milimita 1.41 kutoka jino hadi jino. M8 ya kawaida ni milimita 1.25. Ukizungusha mara kumi, boliti inataka kusogea milimita 12.5, tundu linataka 14.1. Hapo lazima kimoja kiumie, na kwangu kimeumia chuma cha bloku. Isitoshe, 5/16 yenyewe iko ya meno 18 na ya meno 24. Jedwali lenu halina hata safu ya meno.

Mstari unaonitia hofu zaidi ni ule wa nusu inchi na M12. Nusu inchi ni milimita 12.7. M12 kwenye nati ya nusu inchi inaingia huku inacheza, ikishikwa na meno machache tu. Mtu akifunga hivyo tela la kubebea watu na mizigo, hatajua mpaka liachie barabarani.

Naomba mnilipe gharama ya kutoboa matundu matatu na kuyavisha meno mapya. Risiti nimeambatanisha pamoja na boliti moja iliyoharibika. Boliti 57 ambazo hazijatumika mzichukue na kunirudishia fedha zake. Jedwali liondolewe ukutani leo, si likiisha kuchapishwa jipya, na hilo jipya lioneshe idadi ya meno na liseme wazi kuwa boliti ya inchi haibadilishwi kwa ya milimita. Wateja mliokwisha kuwapa nakala waambieni pia.

Mteja wangu alitaka kulima kabla ya masika. Trekta lake limekaa kwangu siku tisa zaidi ya nilizomwahidi, na yeye hana kosa lolote.

Nasubiri jibu lenu kwa maandishi ndani ya siku 14.

Wenu,
Fundi mkuu na mmiliki wa karakana, Morogoro