Daraja Asilolivuka

Budapest, Jumapili usiku

Shoga yangu Zuhura,

Pole tena kwa msiba wa baba, Mungu amrehemu. Barua yako niliirudia pale uliposema mlikesha gatini mkingoja kivuko, na huku ng'ambo mazishi yameshapita. Nikamkumbuka mtu mmoja wa huku, na nimeona nikusimulie.

Anaitwa Széchenyi István. Wahungari hutanguliza jina la ukoo. Mwishoni mwa 1820, akiwa ofisa wa jeshi, alipata habari kuwa baba yake amefariki Vienna. Alipofika Pest, upande mmoja wa Budapest ya leo, akaukuta mto Danube umejaa barafu. Daraja la siku hizo lilikuwa mashua zilizofungwa pamoja, na majira ya baridi yakija huondolewa. Akangoja kama wiki nzima ukingoni. Toka hapo hakuacha kuliwaza daraja la kudumu.

Alikuwa kabaila, tena tajiri. Mwaka 1825 alisimama bungeni Pozsony, Bratislava ya leo, akatoa mapato yake ya mwaka mzima ili kianzishwe chuo cha kukuza lugha ya Kihungari, ilhali shajara yake mwenyewe akiiandika kwa Kijerumani.

Lakini mimi nampendea ushuru. Enzi hizo makabaila hawakulipa kodi, mzigo wote ulikuwa wa mkulima. Sheria ya daraja ya 1836, aliyoipigania yeye, ilisema kila anayevuka alipe, kabaila na mkulima sawasawa. Hebu fikiria walivyokasirika!

Julai 1848, wakipandisha mnyororo wa mwisho wa kulishikilia daraja, ukaanguka, naye akatumbukia mtoni. Akaogelea hadi nchi kavu. Wakati huo alikuwa waziri wa ujenzi na usafirishaji, na usiku hapati usingizi kwa hofu kwamba siasa za Kossuth, waziri mwenzake, zitaleta vita na serikali ya kifalme ya Vienna. Vita ilipobisha hodi, Septemba, akili ikamwelemea, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili Döbling, karibu na Vienna. Daraja likafunguliwa Novemba 1849 yeye yuko kule kule. Hakurudi tena, alijitoa uhai Aprili 1860.

Jana nimelivuka kwa miguu. Simba wawili wa mawe huku, wawili kule, na minyororo minene kuliko kiuno changu. Nilisimama katikati, upepo unapiga, nikamwombea baba dua.

Umeshakwenda kaburini? Niandikie, na mama umpe mkono wangu wa pole.

Wako,
Mwanaidi